Namna ya kutengeneza dosie ya pori ya kijiji yenu, mbele mwengine aje na karte (ramani) yake

Ndugu zangu ba Kabare, Kalehe, Bunyakiri, na nyinyi ba Goma benye munaniandikia usiku: hii nimeiandika mara moja ili nisirudilie kila siku mu telefone. Mutu ananiita, ananiuliza "dada, ile karatasi ya pori inapatikana ku biro gani, ni dola ngapi?" Ile karatasi njo yenye Leta (serikali) inapatia kijiji pori yake ya desturi. Ninamujibu haiuzishwe, na tena haianzie ku biro. Inaanzia pale kwenu chini, na majivu na maharagi. Nitaeleza, ni murefu kidogo, weka chai ku moto.

Mimi ni Mutwa. Nilizaliwa upande wa Miti, pembeni ya parki ya Kahuzi-Biega ya Congo, saa hii ninaikala Kadutu, mu Bukavu, na ninasaidia bijiji kuandika madosie. Koko yangu, mama ya mama yangu, yeye hakuzaliwa pembeni ya parki, alizaliwa mule ndani mwenyewe wakati ilikuwa pori tu. Parki ilitengenezwa tarehe 30 Novemba 1970 na hektari 60,000, mu 1975 bakaiongeza mpaka 600,000, na mu ile miaka Batwa benye balikuwa ndani bakatoshwa. Koko alikuwa anasemaka chungu yake ya maharagi ilibakia ku moto. Hakuna mutu alibaomba ruhusa, hakuna mutu alibalipa, na wakati batu ba sheria balianza kuuliza "mulikuwa munaikala fasi gani kabisa, onyesha", bazee bengi benye balijua kuonyesha balikuwa bamekwisha kufa. Kwa hiyo mimi ninaanzaka na bazee, biro itakuja nyuma.

Jua kwanza munasimama ku udongo gani

Batu bengi banapoteza mwaka muzima hapa. Sheria ya udongo ya 1973 inasema udongo yote ni ya Leta, sawa, lakini ku kijiji udongo iko mu mikono ya mwami na bashefu bake, na kwetu Bushi inagawanywa kwa njia ya kalinzi: unatoa ngombe, unapewa shamba, batoto yako banairiti. Sisi Batwa hatukukuwa na ngombe, tulikuwa na pori. Siku pori ilienda tukabakia batu ba kuikala mu shamba ya mutu mwengine, unapanda mihogo, mwaka ingine mwenye shamba anakuambia toka, unatoka. Kama kijiji yenu yote inaikala vile, hii mambo yenye ninaandika haitabasaidia sana, muende kwanza kwa mwami muongee naye juu ya fasi ya kuikala, na muende na batu ba kanisa ao banotable benye anaheshimu, musiende peke yenu.

Kama pori yenye munaitaka iko ndani ya mipaka ya parki, hapo pia hapana. Hii karatasi haitolewe juu ya parki. Ya parki iko na njia yake, nitaifikia.

Lakini kama kuko pori yenye haiko parki, haiko ya kampani ya mbao, na bazee benu balikuwa banaitumika tangu zamani, mule banawinda, banatosha dawa, asali, kamba, uyoga, basi njo hii. Sheria ya mapori ya 29 Agosti 2002, artikle 22, inasema jamii ya kijiji inaweza kuomba ipewe pori yenye iko nayo kwa desturi, na inapewa bule. Bule, nimesema, kama komi (karani wa biro) moja anakuambia dola mia tano za "kufungula dosie" muombe risiti, utaona vile anakohoa. Dekre namba 14/018 ya 2 Agosti 2014 inaonyesha namna ya kuiomba: mwisho ni hektari 50,000 na ni ya milele, haina tarehe ya kuisha. Arete ya waziri ya Februari 2016 inasema namna ya kuichunga kisha. Na kuko sheria namba 22/030 ya 15 Julai 2022, ile ya haki za peuples autochtones pygmées, yenye inatambua desturi yetu, dawa zetu, udongo na mapori yenye tunaishi ndani, na inasema hatuwezi kuhamishwa bila sisi kukubali mbele.

Ile neno "pigme" bengi hatuipende, mutu akikuita vile mu soko ya Kadutu ni matusi na unaweza kugombana. Mu dosie uiandike vile vile sheria inaiandika, juu mutu wa biro anatafutaka neno yenye anajua, asipoiona anasema hii dosie haiko ya kwake.

Enda ku sekretaria yoyote ya mujini, wakutoshee zile kurasa, uzitie mu plastike. Siku utaambiwa "hiyo sheria haiko kwetu hapa", usibishane, unaiweka tu ku meza.

Batu bawe na karatasi mbele ya pori

Hii nitapita mbio. Benye batasaini kwa jina ya kijiji lazima bakuwe na kitu ya kujitambulisha, na kwetu Congo hii kitu ni karte ya mupiga kura. Angalia mapema ni nani iko nayo. Nilishafika fasi moja tukachagua bajumbe batano, bazuri, banajua pori, kumbe hakuna hata moja mwenye alikuwa na karte, tukaanza upya.

Batoto nao. Mutoto anaandikishwa bule mu siku 90 kisha ya kuzaliwa. Siku 90 zikipita lazima tribinali itoe hukumu mbele aandikishwe, na hapo njo makuta inaanza kuenda, transport, komi, tena transport. Kwa hiyo kama munaita mukutano ya pori, tumieni ile ile siku kuandika batoto bote benye bamezaliwa karibuni na mutume mutu moja na zile majina zote ku biro ya etasivili. Muko na haki sawa na mutu yeyote: konstitisyo, artikle 10, inasema Mucongo wa asili ni ule wa makabila yenye batu na udongo yao ilifanya hii inchi wakati wa uhuru. Komi moja alishauliza muzee wetu mbele yangu "nyinyi ni raia ba wapi?" Muzee akamuangalia, akamuuliza, "wewe babu yako alimukuta nani hapa?"

Mukutano, na ile kosa yenye mimi nilifanya

Dosie yangu ya kwanza ilikufa, acha niseme vile ilikufa. Tuliikala siku moja na bapapa kama kumi na tano, tukaandika PV, ile karatasi ya maamuzi ya mukutano, muzuri sana, mihuri, kila kitu, tukapeleka. Wakati balibandika matangazo ili mwenye kupinga apinge, ikakuja barua ya kabila ya jirani: ile mulima ya upande wa jua kutoka ni yetu, hakuna mutu alituita. Na balikuwa na haki, hatukubaita. Tena kuko mama moja alinifuata mu njia akaniambia "dada, ile fasi mulipima iko na maji yenye sisi banamuke tunatekaka wakati wa jua, lakini mu karte yenu ya pori haimo." Haimo kweli. Bapapa habateke maji.

Kwa hiyo saa hii ninafanya mikutano tatu, si moja.

Ya kwanza ni ya Batwa peke yetu. Bengine banasema huu ni ubaguzi, mimi ninasema ni akili, juu mu mukutano yenye notable wa kabila kubwa iko anaongea, batu betu banapiga makofi na kurudi nyumbani na hasira. Acheni kwanza baongee bao kwa bao, mu luga yao, banamuke baikale upande yao na baandike yao. Mutu wa kuandika akuwe kijana wa pale, hata kama maandishi yake ni mabaya.

Ya pili ni na majirani, Bashi, Batembo, Bahavu, wale benye munapakana nabo. Hapa kuko swali kubwa: dosie ikuwe ya Batwa peke yao ao ya pamoja? Sheria inasema jamii ya kijiji ni batu benye banaunganishwa na ukoo ao undugu na banashikamana na fasi moja, kwa hiyo Batwa banaweza kuomba peke yao, hakuna mutu wa kubakatalia. Lakini mimi, kwa vile nimeona, ninapenda ya pamoja kila mara pori inatumiwa na bote, juu karatasi yenye jirani yako anaipinga ni vita yenye umejiandikia mwenyewe. Kitu moja tu: mu PV ya pamoja muandike mafamilia ya Batwa kwa majina yao, kando, na muandike ni Batwa bangapi batakuwa mu kila komite. Isiandikwe "jamii yote" tu. Jamii yote, nilishaona, ni mutu moja na binamu zake.

Ya tatu ni ya kusoma yote kwa sauti mbele ya bote na kusaini. Kuko viungo bine vyenye mutahitaji: mukutano mukubwa wa jamii wenye unaamua, komite ya kuchunga, komite ingine ya kuangalia ile ya kwanza kama haili makuta, na baraza ya bazee ya kupatanisha. Musimuweke mutu moja mu zote mbili za katikati, inafanyikaka sana, kisha anajiangalia mwenyewe.

Mwenye hajui kuandika anatia kidole, na pembeni unaandika jina yake yenye banamuitaka ku kijiji, hata kama karte yake iko na ingine.

Karte: majivu, maharagi, kisha telefone

Sasa tufike fasi yenye ninapenda.

Batu ba maproje banakuja na GPS siku ya kwanza. Mbaya. Ukianza na mashini, bazee banakuwa batu ba kufuata mashini. Anza chini. Fagia fasi ya wazi, asubuhi mbele jua ikuwe kali, chora mulima kubwa moja na muto kubwa moja na majivu, zile mbili tu, kisha mupatie muzee mufuko wa maharagi na uikale kimya. Kukaa kimya njo kazi yenyewe. Muzee ataangalia zile majivu, atasema muto haipite vile, atafuta na mukono, atachora yake. Mwengine atamukatalia. Kufika saa nne kutakuwa batu ishirini chini na makelele mingi. Haragi nyekundu ni fasi ya maji, nyeupe ni fasi ya kambi ya zamani, kipande cha muti ni njia, jani ni fasi ya dawa, jiwe ni mupaka na jirani. Uandike mu kaye kila kitu kwa jina yenye banaiita, mu luga yenye banaiita, usitafsiri. Ile muto ndogo yenye ku karte ya Leta haina jina, kwa Koko ilikuwa na jina na sababu ya jina, na sababu ni ushahidi: "inaitwa vile juu mule tulikuwa tunalowekaka kamba za kusuka." Mutu mwenye hakuikala pale hawezi kujua kitu sawa ile. Siku moja Koko alitaja mito kumi na moja, karte yenye nilikuwa nayo ilionyesha mbili.

Lakini siku ile ile alikamata haragi nyeupe akaishika mu mukono murefu, hakuiweka. Nikamuuliza Koko, ile ni kambi gani? Akasema ni fasi mama yake analala. Akaiweka chini. Kisha akaikamata tena akaitia mu kinywa akaitafuna, haragi mubichi, akasema "hiyo usiandike."

Sikuandika. Na tangu pale ninaulizaka kila mara: nini isiandikwe? Makaburi, fasi za tambiko, fasi ya muti fulani wa dawa yenye bauzaji bakijua batakuja kuimaliza. Karte yenye inaenda ku biro inasomwa na batu benye hamubajui. Kama fasi ni ya siri lakini munataka ichungwe, chora muzunguko mukubwa, mu kati usiandike kitu, andika tu "fasi ya desturi". Inatosha.

Piga foto ya ile karte ya chini kutoka juu, panda ku kiti, mbele kuku ziifute. Zinakujaka kula maharagi, sichekeshe.

Siku ya pili ao ya tatu njo munaenda kutembea mipaka na telefone. Kuko maprogramu za karte zenye zinafanya kazi bila rezo, uingize karte yako mbele ukiwa mujini, chaji ijae, ubebe betri ya kando, na sashe ya plastike juu mvua ya kwetu haina tabia. Muende na bazee bawili, vijana batatu, na mutu moja wa jirani, huyu wa jirani ni wa lazima. Ukifika ku alama, simama fasi yenye mawingu inaonekana, chini ya miti mikubwa telefone inadanganya, subiri dakika mbili tatu mpaka namba zitulie, kisha uandike zile namba MU KAYE na biki. Usiamini telefone peke yake. Mimi yangu ilianguka mu muto na mipaka yote ndani, kazi ya siku ine.

Kitu ya usalama, na hii usiichekelee: telefone yenye iko na mapointi za GPS na mafoto ya milima, ku bariere, kwa mutu mwenye bunduki, inaonekana ya mupelelezi. Mbele ya kuenda muwaambie bashefu ba grupma, mukuwe na barua yao na muhuri, na mukirudi mutoshe zile vitu mu telefone muzitie fasi ingine. Kama kuna risasi hiyo wiki, pori itangoja.

Ku mipaka na jirani mufanye PV kidogo kwa kila upande: sisi na nyinyi tumetembea pamoja, mupaka ni kutoka jiwe fulani mpaka muto fulani, pande zote zinasaini. Ile karatasi moja ya ukurasa moja njo inaua mapingamizi yote ya kisha.

Dosie yenyewe na biro

Dosie inaenda kwa gavana wa provensi, kupitia watu ba mazingira na mapori ba karibu nanyi. Ndani mutie barua ya kuomba yenye bajumbe benu basaini, PV ya mukutano yenye ilibachagua, listi ya mafamilia na makoo, karte, na zile PV za mipaka. Biro inakuja kuhakikisha, inabandika matangazo, batu banapata nafasi ya kupinga. Gavana iko na miezi 3. Ile miezi ikipita bila jibu, dekre inasema pori inahesabiwa imetolewa, kwa hiyo tarehe yenye muliweka dosie ni dhahabu: usitoke ku biro bila kopi yako kugongwa muhuri wa kupokea na tarehe. Komi atakuambia shefu ametoka na muhuri. Ikala chini umungoje. Beba mukate.

Na sasa swali yenye kila mutu ananiandikia: gavana gani? Tangu Februari 2025 kikundi ya bunduki ya M23 iliingia Bukavu, wiki tatu hivi kisha ya kuingia Goma, na biro moja leo si ile ya jana. Mimi si mutu wa siasa na sitakuambia usaini kwa nani. Nitakuambia tu vile mimi ninafanya: kazi ya kijiji ninaendesha sawa kawaida, mikutano, kaye, karte, PV za mipaka, juu zile hazina gavana, ziko na kidole cha Koko na kidole cha jirani, na hakuna utawala wenye unaweza kusema hazikufanyika. Kupeleka ninangoja. Orijinali hazitoke ku kijiji, kwa mutu yeyote, hata akuje na motokari mbili na kofia ya rangi gani. Kopi, ndiyo.

Wakikuja na listi ya prezansi

Haki moja kubwa yenye tuko nayo bafransa banaiita CLIP, maana yake munaulizwa mbele, munaelezwa mpaka muelewe, na munaweza kukatala bila kufanyiwa kitu. Ku karatasi ni muzuri. Ku kijiji inakuwaka hivi: motokari inakuja, mutu anaongea saa moja mu Kifaransa na Kiswahili ya Kinshasa, kuko sabuni na chumvi na franga kidogo za transport, na ili upate lazima utie kidole ku listi ya prezansi. Kuko kijiji moja ninaijua vizuri, miezi kadhaa kisha ile listi ilionekana nyuma ya ripoti ya ule muproje, na juu yake imeandikwa jamii imekubali. Bamama benye balikubali sabuni.

Dawa ni rahisi. Mbele ya mutu wa kwanza kutia kidole, mutu wenu moja akamate biki aandike juu kabisa ya listi: "Batu benye balikuja kusikiliza. Leo hakuna kitu imekubaliwa." Na kisha ya jina ya mwisho apige musitari chini, ili majina ingine isiongezwe mu njia ya kurudi mujini. Piga foto. Kama mwenye motokari anakasirika juu ya ile musitari, basi mumejua.

Ukubali wa kweli haufanyike siku moja. Waambie barudi kisha ya wiki mbili, mutakuwa mumeongea usiku ku moto bila bao.

Ya parki

Benye bazee benu balitoka ndani ya Kahuzi-Biega, nimesema karatasi ya pori ya kijiji haifike mule. Njia yenu ni ingine na ilishafunguliwa: kuko mashtaka namba 588/15 yenye ilipelekwa mu 2015 kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, kwa jina ya Batwa ba Kahuzi-Biega, na uamuzi ikatoka kwa batu bote mu 2024. Tume ilisema Congo ilivunja haki zetu, na ikaomba Leta iturudishie udongo yetu na karatasi zake, itulipe, na iombe musamaha mbele ya batu. Miaka tisa. Na ile uamuzi haina polisi wa kuibeba mpaka Tshivanga, ku biro ya parki. Waulize Baogiek ba Kenya, balishinda mu korti ya Arusha mu 2017, tena mu 2022 korti ikasema balipwe na barudishiwe msitu wao wa Mau, na mpaka leo banasukumana na serikali yao.

Sisemi hivi ili mukate tamaa. Mu Oktoba 2018 batu betu bamoja balichoka kungoja bakarudi ndani kwa nguvu, na mulijua vile ilienda, batu balikufa pande zote, kisha wenye makuta ba mujini bakatumia jina yetu kukata miti ya makala, na leo ukisema Mutwa mu Bukavu mutu anawaza makala. Mimi ninabaelewa benye balirudi. Lakini ile uamuzi ya 2024 inatumika na kopi, si na panga: kila barua munaandika kwa administratere wa teritware, kwa parki, kwa tume ya inchi ya haki za binadamu, CNDH, mutaje namba 588/15 na mutie ukurasa wa mwisho nyuma. Na mutengeneze ile ile kazi ya majivu na maharagi kwa fasi za ndani ya parki zenye bazee banakumbuka, hata kama hamuruhusiwe kuingia kupima. Siku Leta itauliza ni fasi gani kabisa ya kurudisha, nani atajibu?

Fasi ya kuweka

Kopi tatu. Moja mu sanduku ya bati ku kijiji, si kwa shefu, kwa mama mwenye habadilishi nyumba. Moja ku paruwasi. Moja ya mafoto, mu telefone ya mutoto wenu mwenye iko mbali, Goma, Uvira, Lubumbashi, popote, alafu anazituma kwa mwengine na mwengine.

Na kaye zile za bazee musitupe kisha ya kuandika vizuri ku kompyuta. Zile zenye ziko na udongo na tone ya chai njo zinaaminika. Andika namba juu ya kila moja, kaye 1, kaye 2, na tarehe, na jina ya mwenye aliongea. Ya Koko yangu ni namba 4, iko na ukurasa moja weupe mu katikati, niliuacha mwenyewe.